Mwenye Kanda na Mwenye Wimbo

(Mhadhara uliotolewa kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa mashariki mwa Birmingham, katika ukumbi wa jamii, Alum Rock, vuli ya 2025. Unachapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa pale muziki ulipopigwa ukumbini.)

 

Najua wapo waliosoma tangazo wakadhani limebandikwa kwenye ukumbi usiokuwa wake. Muziki wa magitaa ya kishindo wa wavulana wa Aston wenye nywele hadi mabegani unawahusu nini watu wa Tanga, Mombasa, Bukavu na Barawa? Mzee wangu mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama hao Black Sabbath si wale wa mashetani. Nimemjibu kwamba jina walilitoa kwenye filamu ya kutisha ya 1963 aliyoigiza Boris Karloff. Shetani aliyewatesa kweli alikuwa karatasi, na habari ya karatasi hizo ndiyo iliyonileta hapa.

Nia yangu ni kueleza jinsi albamu yao ya Sabotage ilivyotengenezwa mwaka 1975 na jinsi ilivyotolewa upya mwaka 2021. Ninadai kwamba muziki wa zamani haurudi madukani kwa sababu ni mzuri. Unarudi kwa sababu kuna mtu aliyehifadhi kanda na mwingine anayeweza kuonesha mkataba. Nikishaeleza hilo nitageukia nyimbo zetu wenyewe. Mbona Sabotage na si Paranoid, ambayo kila dereva wa teksi wa mji huu anaijua? Kwa sababu Sabotage ilitungwa kesi ikiwa inaendelea, na kesi hiyo inasikika ndani yake. Na mwaka huu imetimiza miaka 50. Ilitoka Julai 1975. Julai hii, tarehe 5, wanamuziki wanne wa awali wa bendi walipanda jukwaani pamoja Villa Park kwa mara ya mwisho, na tarehe 22 mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki dunia. Wengi wenu mlisimama Broad Street jeneza lake lilipopita. Niliwaona, hata nyie mnaosema hamsikilizi.

Hoja ya kwanza: sauti ile ilitoka kiwandani.

Ukitoka ukumbini humu ukashuka Alum Rock Road, ukapita maduka ya dhahabu na ya vitambaa vya harusi mpaka Saltley, unafika palipokuwa na karakana za mabehewa ya reli na mitambo ya gesi. Upande wa Ward End, Drews Lane, palikuwa na kiwanda cha magari tangu zama za Wolseley. Mwishoni kikawa cha magari ya LDV, yale ya kubebea mizigo, mpaka kampuni ilipoanguka mwaka 2009. Wapo humu walioyaendesha usiku kupeleka vifurushi. Na Februari 1972 wafanyakazi wa viwanda vya mji huu waliandamana kwa maelfu hadi lango la bohari ya makaa ya koke hapo Saltley, kuwaunga mkono wachimba makaa waliogoma. Umati ulikuwa mkubwa kiasi cha polisi kulifunga lango.

Aston ni jirani tu. Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi, Bill Ward wa dramu na Ozzy mwimbaji ni watoto wa huko, wa nyumba za wafanyakazi. Ozzy alifanya kazi machinjioni, na kabla ya hapo kiwandani akipima sauti za honi za magari. Kisa cha Iommi ndicho kikubwa zaidi. Alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kwenye kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni mtu wa shoto: mkono wa kulia ndio anaobonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia vya vidole, akavivika ngozi. Nyuzi nene zilimuumiza, akatafuta nyembamba, hata za banjo. Na kufikia albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 akawa anazilegeza, gitaa likashuka chini kwa sauti. Uzito ule ambao dunia nzima imeuiga ulianza kama dawa ya maumivu ya mfanyakazi aliyeumia kazini.

Hoja ya pili: Sabotage ilipanua kile ambacho hevi metali iliweza kubeba.

Albamu yao ya kwanza, iliyotoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, waliirekodi kwa siku moja: wanne wanapiga, mitambo inanasa, basi. Mwanzoni mwa 1975, kwenye studio za Morgan, Willesden, London, walikuwa watu wengine kabisa. Iommi mwenyewe alisimamia utayarishaji akisaidiana na bendi na fundi wao, Mike Butcher, na alikuwa hachoki kujaribu.

Naomba tusikilize dakika kumi na moja za mwanzo. (Muziki ulipigwa.)

Mmesikia wimbo wa kwanza, “Hole in the Sky”, unavyokatwa? Haumaliziki, unakatwa kabisa, utadhani umeme wa TANESCO umeondoka. (Kicheko.) Papo hapo linaingia gitaa lisilo na umeme kwa sekunde 49. Kipande hicho kinaitwa “Don't Start (Too Late)”, na jina hilo ni utani wa studio: kijana aliyeendesha mashine za kanda, David Harris, alikuwa akilalamika kwamba bendi inaanza kupiga kabla hajawa tayari. Kisha inaingia “Symptom of the Universe”. Gitaa linagonga noti ile ile ya chini kwa haraka, linaruka juu, linarudi kuigonga. Bill Ward anaijaza kila nafasi inayobaki. Miaka kumi baadaye vijana wa Marekani na Ujerumani walijenga mtindo mzima juu ya mgongo ule. Lakini baada ya dakika nne na ushei kishindo kinakatika, yanabaki magitaa ya mbao yenye mwendo wa kuchezeka, na Ozzy analainisha sauti kama mtu mwingine. Sehemu hiyo haikupangwa. Waliizua pale pale studioni, ikabaki.

Halafu kuna “Megalomania”, karibu dakika kumi. Inaanza polepole, sauti inajirudia kwa mwangwi, piano iko nyuma. Unadhani umeshaielewa, ndipo inapobadilika mwendo na kukimbia hadi mwisho. Aliyekaa kwenye taarab akasubiri bashrafu iishe kabla mwimbaji hajasimama hatapata shida na wimbo huu. Vijana wa siku hizi wanaoruka wimbo kila sekunde thelathini ndio watakaopata shida.

Kilele changu mimi ni “Supertzar”. Hauna maneno. Iommi alileta kwaya ya English Chamber Choir na mpiga kinubi, mpangaji wa sauti akiwa Will Malone, gitaa likanguruma chini ya waimbaji waliozoea muziki wa kanisani na wa kumbi za heshima. Inasimuliwa kwamba Ozzy aliingia studioni, akawaona watu wale wamejipanga na karatasi zao, akageuka akatoka akidhani amekosea mlango. Kwa miaka mingi wimbo huo ulipigwa kwa kanda kuwaingiza jukwaani.

Wanaofuatilia muziki huu wana tawi wanaloliita metali ya progresivu: nyimbo ndefu zinazobadili mwendo mara kadhaa, ala zisizotarajiwa, wapigaji wanaotaka usikilize umekaa. Bendi kama Dream Theater zililijaza tawi hilo kuanzia miaka ya 1980. Wapo wanaoanzia hesabu yao kwingine, na sitagombana nao leo. Kwangu mimi, upande wa kwanza wa Sabotage ndio mlango wenyewe. Upande wa pili una mapengo. “Am I Going Insane (Radio)” siupendi, na jalada ni aibu tupu: wanne wamesimama mbele ya kioo, Bill Ward amevaa suruali nyekundu ya kubana aliyoazima kwa mkewe. Albamu nzito kiasi hicho, jalada la maigizo ya shule!

Hoja ya tatu: kesi iliingia ndani ya muziki.

Aprili 1974 walipiga mbele ya watu zaidi ya laki mbili kwenye California Jam, Marekani. Jina lilikuwa kubwa. Pesa, wanavyosimulia wenyewe, hawakuziona kwa hesabu. Wakihitaji gari waliletewa gari, wakihitaji nyumba ilitafutwa, ila karatasi za nani anadai nini na kimelipwa kiasi gani hazikuwa mikononi mwao. Meneja wao wa kwanza, Jim Simpson wa hapa Birmingham, walimwacha, akawashtaki. Aliyemfuata, Patrick Meehan, wakaja kuachana naye pia, kesi ikafuata tena. Kwa hiyo mwaka 1975 ratiba ilikuwa hivi: leo studio, kesho kwa mawakili, keshokutwa studio tena. Hati za mahakama zilifika hadi studioni. Jina la albamu lilitoka hapo, kwa watu waliohisi wanahujumiwa kila upande, na wimbo wa mwisho, “The Writ”, wa dakika nane, umepewa jina la hati yenyewe. Kwa kawaida Butler ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo. Huu aliuandika Ozzy, kwa hasira, na hasira hiyo haihitaji mkalimani.

Sasa wazee wangu mliopiga muziki nyumbani, mbona mnatazamana? NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ala zilikuwa za chama, mwanamuziki alipokea mshahara. Wakienda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda ilibaki redioni. Ulikuwa mpango wenye faida zake, nisiudhihaki: mtu alilipwa mwisho wa mwezi hata mvua iliponyesha siku ya dansi, jambo ambalo wale wa Aston hawakuwa nalo. Lakini alipostaafu aliondoka na sauti yake kichwani tu. Huku mfanyabiashara, kule taasisi. Mpigaji wa pande zote mbili hakuwa na karatasi.

Na ule mgogoro wa “Malaika” mnaujua kuliko mimi. Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M nao wakaupiga, na mpaka leo watu wanabishana aliyeutunga ni nani. Angekuwepo mtu mmoja mwenye karatasi moja ya tarehe, ubishi huo ungemalizika kwa kikombe cha kahawa.

Hoja ya nne: kutoa upya ni kazi ya ghala na sheria.

Mwaka 1975 Sabotage ilitolewa na NEMS kwa Uingereza na Warner kwa Marekani. Haki za upande huu wa bahari zilipita mikono kadhaa, kampuni ikimezwa na kampuni, hadi zikafika BMG. Juni 2021 likatoka sanduku kubwa: BMG kwa huku, na Rhino, tawi la Warner, kwa Amerika Kaskazini. Ndani yake kuna albamu iliyosafishwa sauti upya, onyesho la ziara ya Amerika Kaskazini ya 1975, nakala ya kitabu cha programu ya ziara, picha, na santuri ndogo yenye jalada kama lile la Japani la wakati ule.

Nataka mtazame kitu kimoja tu katika hayo, lile onyesho. Kuna fundi aliyeunganisha nyaya usiku ule wa 1975. Kuna mtu aliyeandika tarehe kwenye boksi. Kuna ghala ambalo halikuvuja kwa miaka 45, na kampuni zilizonunuana ziliorodhesha boksi hilo kwenye mali zao badala ya kulitupa. Msururu huo ungekatika popote, leo tungekuwa na hadithi tu za mashabiki waliohudhuria. Hata mzaha ulinusurika: mwisho wa “The Writ”, kwa sauti ndogo sana, Ozzy na Bill Ward wanasikika wakifanya utani kwenye piano kwa sekunde chache, kipande ambacho mashabiki hukiita “Blow on a Jug”. Hakimo katika matoleo yote. Watu wazima hununua albamu ile ile mara ya tatu ili wakipate, na mke wangu ana maoni yake juu ya watu hao.

Haki zikipotea, mambo huchelewa. Judas Priest wa West Bromwich walitoa albamu yao ya kwanza, Rocka Rolla, mwaka 1974 kwa kampuni ndogo ya Gull. Walipohama, albamu haikuhama nao, na sauti yake haikuwahi kuwaridhisha. Ilichukua miaka 50, mpaka 2024, ndipo ilipotoka imechanganywa upya na Tom Allom kama walivyoitaka. Kuna aliyesubiri maisha yake yote ya kazi kurekebisha besi!

Hoja ya tano: zamu yetu imeshafika.

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Tunaye hadi leo kwa sababu nyimbo zake alizirekodi Nairobi kwa kampuni iliyokuwa na kanda zake za masta, na kampuni ikazikusanya kwenye mfululizo wa santuri za Ukumbusho. Wenzake waliobaki na kanda za redio pekee hawakupata bahati hiyo mapema. Na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia ya kwenda studio za Nairobi nayo iliziba kwa wengi. Historia ya sauti ya bendi nzima ilitegemea kizuizi cha barabara!

Taarab ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970, iliyotoka kwenye lebo kama Mzuri, ilirudi kwenye diski kupitia mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique, Paris, ulioanza mwaka 2005. Nashukuru kwa moyo wote, na wivu ninao. Kwa nini Paris? Kwa sababu alikuwepo mtafiti aliyeyafuata makaratasi kwa miaka, na huko kulikuwa na kampuni iliyokubali kulipa. Uzuri wa sauti haukuwa siri. Mama zetu waliujua.

Vijana wa nyuma, hili ni lenu. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa mwaka 2020 albamu ya metali kali kuliko chochote nilichopiga leo, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mmoja wao, Lord Spikeheart, alipotoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024 aliitoa kwa lebo aliyoianzisha yeye, Haekalu. Mtu akitaka kuitoa upya mwaka 2074, anajua hodi ataipiga mlango gani. Jambo hilo Black Sabbath walilijifunza kwa mawakili.

Sasa, tufanye nini? Sitaki tuunde kamati, kamati tunazo. Nataka kanda. Humu kuna watu wenye kaseti za harusi za Mombasa, za dansi la Kongo, za maulidi, zilizorekodiwa nyumbani na hapa Birmingham. Zileteni. Msizipige kwanza, hasa zilizokaa kwenye unyevu wa dari, kwani mkanda ulioganda ukivutwa unachunika sauti yote. Andikeni kwenye karatasi tofauti majina ya waliopiga, aliyetunga, mahali na mwaka, hata kama mwaka ni wa kukisia, ila muandike kwamba ni wa kukisia. Mwenye mkataba wa zamani aulete, hata uwe wa nusu ukurasa wenye muhuri uliofifia. Nakala itabaki kwake na nakala kwetu, na warithi wasiopo tutawatafuta kwa simu kabla hatujamsikilizisha mtu yeyote nje ya ukumbi huu. Aliyetunga Tanzania, tutamsaidia kuandikisha kazi zake COSOTA, chombo cha hakimiliki cha huko. Aliyetunga akiwa hapa, PRS, chama cha hakimiliki cha watunzi wa Uingereza. Kisha tutabisha hodi Maktaba ya Birmingham tuulize kama wana nafasi ghalani, maana dari ya ukumbi huu mnaiona.

Mashine ya kunakilia nimeshaiazima. Ina kichwa kimoja kibovu, na kijana aliyekaa karibu na dirisha ameahidi kukibadilisha kabla ya Januari. Tutaanza na kaseti ishirini za mwanzo zitakazofika, kwa mpangilio wa kufika, wala msiniletee habari za ukubwa wa msanii. Mwenyekiti, naona mikono imeshainuliwa. Tuanze na maswali ya kina mama.